Henrietta Lacks: Seli zake zilificha siri ya kifo chake kwa miaka 33

Na Mwandishi Wetu

OKTOBA 4, 1951, mwanamke mwenye umri wa miaka 31, mama wa watoto watano, alifariki dunia katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani. Aliuawa na saratani ya shingo ya kizazi. Mwili wake ulisafirishwa hadi kijijini kwao katika jimbo la Virginia, ukazikwa katika kaburi lisilokuwa na jiwe wala jina.

Mwanamke huyo ni Henrietta Lacks. Zaidi ya miaka 70 baada ya mauti yake, seli zilizokatwa mwilini mwake bila ridhaa yake zingali hai, zikigawanyika usiku na mchana katika maabara za dunia nzima.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya mchango wa seli hizo katika tiba. Jambo lisilosimuliwa mara nyingi ni kwamba ndani ya seli hizo hizo alijificha muuaji wa Henrietta mwenyewe, nao wanasayansi walizitunza, wakazilisha na kugawana wao kwa wao kwa muda wa miaka 33 kabla hajagunduliwa.

Muuaji huyo ni kirusi. Ndicho kinachoendelea hadi leo kuwaua maelfu ya wanawake katika miji na vijiji vyetu, ingawa sasa kinga yake inajulikana na inapatikana.

Mtoto wa mashamba ya tumbaku

Henrietta alizaliwa Agosti 1, 1920 katika mji wa Roanoke, Virginia, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Loretta Pleasant. Namna jina hilo lilivyogeuka kuwa Henrietta haijulikani hata kwa ndugu zake.

Mwaka 1924, mama yake, Eliza, alifariki dunia wakati wa kujifungua mtoto wake wa 10. Baba yake, Johnny Pleasant, hakumudu kuwalea watoto wote hao peke yake. Aliwachukua hadi Clover, kijiji cha wakulima wa tumbaku kusini mwa Virginia, akawagawa kwa jamaa zake.

Henrietta aliangukia mikononi mwa babu yake, Tommy Lacks, aliyeishi katika nyumba ya magogo ambayo zamani ilikuwa makazi ya watumwa. Katika nyumba hiyo alimkuta binamu yake, David Lacks, ambaye watu walimwita Day. Wawili hao walikua pamoja, wakilisha mifugo alfajiri, wakipanda na kuvuna tumbaku, na kuisindikiza sokoni.

Shule aliyosoma ilikuwa ya watoto Weusi peke yao, kama sheria za ubaguzi wa wakati ule zilivyoamuru. Aliiacha akiwa darasa la sita, kwa kuwa shamba lilihitaji mikono yake.

Alijifungua mtoto wake wa kwanza akiwa na umri wa miaka 14, na Aprili 10, 1941 alifunga ndoa na Day. Mwaka huo huo familia iliihama tumbaku na kwenda kutafuta maisha bora Turner Station, kitongoji cha Wamarekani Weusi karibu na Baltimore. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa imeongeza mahitaji ya chuma, na Day alipata kibarua katika kiwanda kikubwa cha Sparrows Point.

Waliomfahamu Henrietta walimkumbuka kuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mpenda kucheza dansi, aliyezipaka kucha zake rangi nyekundu kwa uangalifu mkubwa. Nyumba yake haikukosa wageni, kwani kila ndugu aliyetoka Clover kutafuta kazi mjini alipata kwake chakula na mahali pa kulala.

Fundo tumboni

Kabla ya kushika mimba ya mtoto wake wa tano, Henrietta aliwaambia ndugu zake wa kike kwamba alikuwa akihisi kitu kama fundo ndani ya tumbo lake. Alipopata ujauzito, walidhani hicho ndicho kilichokuwa kikimsumbua.

Mtoto huyo alizaliwa mwaka 1950, lakini fundo halikuondoka. Baadaye alianza kutokwa na damu isiyo ya kawaida. Daktari wa mtaani alishindwa kubaini tatizo na kumwelekeza Johns Hopkins, hospitali iliyokuwa miongoni mwa chache zilizowapokea wagonjwa Weusi, ingawa iliwalaza katika wodi zao za pekee.

Januari 29, 1951, Dk. Howard Jones alimpima na kuukuta uvimbe wa rangi ya zambarau wenye ukubwa wa sarafu kwenye shingo ya kizazi. Ulikuwa laini kiasi kwamba ulitoka damu kwa kuguswa tu. Kipande kilichopelekwa maabara kilithibitisha kuwa ni saratani.

Tiba ya wakati huo ilikuwa radiamu, madini yenye mionzi mikali. Henrietta alirejea hospitalini, akapigwa nusukaputi, na mirija midogo yenye madini hayo ikashonewa karibu na uvimbe. Kabla ya hapo, daktari wa upasuaji alikata vipande viwili vidogo: kimoja kutoka sehemu yenye afya, na kingine kutoka kwenye saratani. Henrietta hakuelezwa wala hakuombwa ruhusa.

Sababu ya kukatwa kwa vipande hivyo inafaa kukumbukwa. Dk. Richard TeLinde, bingwa wa magonjwa ya wanawake katika hospitali hiyo, alikuwa akiitafiti saratani ya shingo ya kizazi. Alitaka kuonyesha kwamba saratani inayoonekana juu juu ya ngozi, ambayo madaktari wengi waliipuuza, ndiyo ile ile inayochimba ndani baadaye na kuua.

Ili kulithibitisha hilo alihitaji seli hai za kulinganisha. Hivyo vipande vya wanawake waliotibiwa hapo vilipelekwa kwa mtafiti mwenzake, Dk. George Gey. Kwa maneno mengine, kipande cha Henrietta kilichukuliwa ili kijibu swali kuhusu ugonjwa uliokuwa ukimuua. Jibu lilikuwamo ndani yake, ila hakuna aliyekuwa na macho ya kuliona.

Seli zisizokufa

Kwa miaka mingi, Gey na mkewe, Margaret, walikuwa wakijaribu kuziotesha seli za binadamu nje ya mwili. Karibu zote zilikufa baada ya siku au wiki chache.

Msaidizi wao, Mary Kubicek, alikikata kipande cha Henrietta vijisehemu vidogo vidogo, akaviweka kwenye mirija ya kioo yenye majimaji ya damu ya kuku, na kuiandika HeLa, kwa herufi mbili za mwanzo za jina la kwanza na la pili la mgonjwa. Hakutarajia makubwa.

Seli zenye afya zilikufa upesi. Zile za saratani zilianza kuzaana, zikawa zinaongezeka maradufu kila baada ya takriban saa 24, na hazikuonyesha dalili ya kuchoka. Gey alianza kuwagawia bure watafiti wenzake.

Wakati seli hizo zikistawi, mwenyewe alikuwa akidhoofika. Baada ya radiamu alipigwa mionzi ya eksirei kwa wiki kadhaa hadi ngozi ya tumbo lake ikabadilika na kuwa nyeusi kama mkaa. Alilalamika kwamba maumivu yanazidi, lakini mwanzoni madaktari hawakuona dalili ya ugonjwa kurudi. Agosti 8, 1951 alilazwa, na hakutoka tena.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha saratani imesambaa mwili mzima. Wachunguzi walikuta vivimbe vidogo vyeupe vimetapakaa karibu kila kiungo cha ndani.

Seli zake ziliendelea na safari. Katika Taasisi ya Tuskegee, jimboni Alabama, kulianzishwa mwaka 1953 kituo cha kuzizalisha kwa wingi, kilichoendeshwa na wanasayansi na mafundi Weusi. Zilitumika kupima nguvu ya chanjo ya polio ya Jonas Salk katika jaribio kubwa la mwaka 1954. Baadaye zilirushwa hadi anga za juu, zikajaribiwa dawa, sumu na mionzi ya kila aina.

Yote hayo yalifanyika huku swali la awali, lile la TeLinde kuhusu chanzo na mwenendo wa saratani ya shingo ya kizazi, likibaki bila jibu kamili.

Mjerumani aliyemtafuta muuaji

Katika miaka ya 1960 na 1970, wataalamu wengi waliamini kwamba saratani hii inahusiana na virusi vinavyosababisha malengelenge sehemu za siri. Mtafiti mmoja wa Ujerumani, Harald zur Hausen, alivitafuta virusi hivyo ndani ya uvimbe wa wagonjwa na hakuvipata.

Yeye alielekeza shaka kwingine, kwenye virusi vya papiloma vya binadamu, vinavyofahamika kwa kifupi kama HPV. Ni jamii ya virusi iliyokuwa ikijulikana kwa kuleta chunjua na vigwaru, na wenzake wengi waliona ni kichekesho kuvihusisha na saratani.

Mwaka 1983, zur Hausen na wenzake walitangaza kupata aina mpya, HPV namba 16, ndani ya saratani ya shingo ya kizazi. Mwaka 1984 walipata nyingine, namba 18. Walipochunguza seli zilizokuwa zikioteshwa maabara kutokana na saratani hiyo, waliikuta namba 18 ndani ya seli za HeLa.

Miaka 33 ilikuwa imepita tangu kifo cha Henrietta. Kirusi kilichomuua kilikuwa kimesafiri pamoja na seli zake katika kila chupa iliyotumwa kwa posta, kila maabara na kila nchi, bila mtu kukitambua. Ugunduzi huo ulimpatia zur Hausen Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2008.

Kirusi kinavyoigeuza seli

Ni vyema msomaji akaelewa jinsi kirusi hicho kinavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo ulipo msingi wa kinga.

Zipo zaidi ya aina 200 za HPV. Nyingi hazina madhara makubwa, lakini aina zipatazo 14 zinaweza kuleta saratani. Namba 16 na 18 peke yake zinasababisha takriban asilimia 70 ya saratani zote za shingo ya kizazi.

Virusi hivi huenezwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi wakati wa tendo la ndoa, na karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana, mwanamume kwa mwanamke, huvipata wakati fulani maishani. Kwa hiyo kuambukizwa hakumaanishi uhuni, na mwanamke mwenye mume mmoja tu anaweza kuvipata.

Kirusi huingia kupitia michubuko midogo isiyoonekana kwa macho, hadi kwenye seli za chini kabisa za ngozi. Hupenda hasa mahali ambapo ngozi ya nje ya shingo ya kizazi hukutana na utando wa ndani, kwani seli za hapo hubadilika mara kwa mara.

Kwa wengi, mambo huishia hapo. Kinga ya mwili hukishinda kirusi, na takriban maambukizi tisa kati ya 10 hutoweka yenyewe ndani ya miaka miwili. Hatari ipo kwa wachache ambao kirusi hukataa kutoka.

Kila seli ya binadamu ina walinzi wanaozuia isizaane ovyo. Mmoja ni protini iitwayo p53, ambayo hukagua vinasaba, na ikikuta vimeharibika huisimamisha seli isigawanyike au huiamuru ife. Mwingine ni protini ya Rb, ambayo huifungia seli mlango wa kugawanyika hadi wakati wake ufike.

HPV huja na silaha mbili, protini ambazo wataalamu wamezipa majina ya E6 na E7. E6 huikamata p53 na kuifanya iharibiwe. E7 huifunga mikono Rb. Walinzi wote wawili wakiondolewa, seli huendelea kuzaana hata ikiwa na kasoro, na kila kizazi cha seli huongeza kasoro nyingine.

Aidha, E6 huiamsha kemikali inayorefusha ncha za kromosomu. Katika seli za kawaida ncha hizo hufupika kila seli inapogawanyika, mithili ya mshumaa unaoungua, hadi seli ifikie ukomo wake. Mshumaa wa seli iliyoingiliwa haumaliziki. Hii ni sababu mojawapo ya seli za Henrietta kutokufa.

Kwa kawaida kirusi chenyewe huzitumia silaha hizo kwa kiasi, kwa kuwa kina protini nyingine, E2, inayozidhibiti. Lakini katika saratani nyingi, vinasaba vya kirusi, vyenye umbo la duara, hukatika na kujipachika ndani ya kromosomu ya binadamu. Mara nyingi mahali vinapokatikia ni kwenye jeni la E2. Hapo mdhibiti hupotea, na E6 na E7 hutengenezwa bila kikomo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Henrietta. Uchunguzi wa vinasaba vya HeLa uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba HPV 18 ilijipachika kwenye kromosomu namba 8, jirani na jeni liitwalo MYC, ambalo kazi yake ni kuihimiza seli igawanyike. Kujipachika huko kulilichochea jeni hilo kupita kiasi, jambo linaloweza kueleza ukali wa saratani yake.

Ushahidi mwingine ulipatikana katika miaka ya 1990. Watafiti waliporudisha protini ya E2 ndani ya seli za HeLa, silaha za kirusi zilizimika, nazo seli zikasimama kuzaana. Baada ya zaidi ya miaka 40 maabara, seli hizo zilikuwa bado zinategemea amri ya kirusi kile kile kilichomuua mwenye mwili.

Muda uliopotea

Safari ya kutoka maambukizi hadi saratani ni ndefu. Kwa mwanamke mwenye kinga imara ya mwili huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, kwa mfano anayeishi na virusi vya Ukimwi bila kutumia dawa, inaweza kuwa miaka mitano hadi 10 tu.

Maana yake ni kwamba kuna muda wa kutosha wa kuikamata. Katika muda huo seli huwa zimeanza kubadilika, lakini hazijawa saratani, na zinaweza kuondolewa kwa tiba ndogo isiyohitaji kulazwa.

Njia ya kuzitambua seli hizo kwa hadubini, iliyobuniwa na Dk. George Papanicolaou, ilikwisha kuchapishwa tangu mwaka 1943. Hata hivyo, mwaka 1951 ilikuwa bado haijaenea, na wanawake maskini kama Henrietta ndio waliokuwa wa mwisho kufikiwa. Alifika kwa mtaalamu wakati uvimbe tayari unaonekana kwa macho.

Hali hiyo hiyo inajirudia leo katika hospitali za Afrika Mashariki, ambako wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa.

Familia iliyoachwa gizani

Mume na watoto wa Henrietta hawakuambiwa lolote. Kwa miaka kadhaa magazeti na vitabu vilimtaja mwenye seli kwa majina yasiyo yake, likiwamo la Helen Lane. Ilikuwa mwaka 1973 ndipo ndugu walipofahamu, wakati watafiti walipowafuata kuwachukua damu ili kutatua tatizo la seli za HeLa kuvamia seli nyingine maabara.

Baadhi ya watoto wake walidhani wanapimwa saratani. Hawakuelewa kwamba ni wao waliokuwa wakitoa msaada.

Wakati huo makampuni yalikuwa yakiuza seli hizo, huku baadhi ya wanafamilia wakiishi bila bima ya afya. Kitabu cha mwandishi Rebecca Skloot, kilichotoka mwaka 2010, kiliifikisha habari hiyo kwa watu wengi duniani. Mwaka huo huo kaburi la Clover lilipata jiwe lake la kwanza, zawadi ya Dk. Roland Pattillo.

Mwaka 2013 vinasaba vya HeLa vilichapishwa hadharani bila familia kuombwa. Baada ya malalamiko, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilikubaliana na familia kwamba wawakilishi wake washiriki kuamua nani aruhusiwe kuvitumia.

Agosti 1, 2023, siku ambayo Henrietta angetimiza miaka 103, ilitangazwa kwamba warithi wake wamefikia mapatano na kampuni ya Thermo Fisher Scientific, waliyoishitaki mwaka 2021 kwa kunufaika na seli hizo. Masharti ya mapatano hayo hayakuwekwa wazi. Oktoba mwaka huo, sanamu yake ilizinduliwa mjini Roanoke alikozaliwa.

Deni kwa mabinti

Ugunduzi wa HPV ulifungua njia ya chanjo, ambayo iliidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Chanjo hiyo hutengenezwa kwa ganda tupu linalofanana na la kirusi. Haina vinasaba vya kirusi ndani yake, hivyo haiwezi kuambukiza wala kuleta saratani.

Matokeo yake yamekwisha kuonekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 nchini Uingereza ulionyesha kwamba saratani hiyo ilipungua kwa asilimia 87 miongoni mwa wanawake waliochanjwa wakiwa na umri wa miaka 12 hadi 13. Huko Scotland, utafiti wa mwaka 2024 haukupata mgonjwa hata mmoja kati ya waliochanjwa katika umri huo.

Katika ukanda wetu, Rwanda ilitangulia kwa kuanza chanjo ya kitaifa mwaka 2011. Uganda ilifuata mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Kila mahali chanjo hiyo ilikumbana na uvumi kwamba inawafanya wasichana wagumba, na wapo wazazi waliowaficha mabinti zao. Hakuna utafiti uliothibitisha madai hayo. Kinyume chake, kizazi kinachoharibiwa kwa hakika ni kile kilichoshambuliwa na saratani.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligundulika kuwa na saratani hiyo, na wapatao 350,000 walifariki. Zaidi ya vifo tisa kati ya kila 10 vilitokea katika nchi maskini na za kipato cha kati. Tanzania peke yake hukadiriwa kuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na hakuna saratani nyingine inayowapata wanawake wake wengi kuliko hiyo.

Kwa wanawake waliokwisha kupita umri wa chanjo, kinga yao ni uchunguzi. Kipimo cha kupaka siki kwenye shingo ya kizazi, ambacho huzifanya seli zilizobadilika zionekane nyeupe, ni cha dakika chache, nacho hufanyika katika vituo vingi vya afya vya serikali. Kutokwa na damu nje ya siku za hedhi, baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma si jambo la kusubiri.

Oktoba 13, 2021, mjini Geneva, Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Dk. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alimkabidhi Lawrence Lacks, mtoto wa kwanza wa Henrietta aliyekuwa na umri wa miaka 87, tuzo ya heshima kwa niaba ya mama yake. Katika hafla hiyo, shirika hilo lilikumbusha kwamba chanjo iliyotokana na elimu ya seli za mama huyo ilikuwa bado haijawafikia wasichana wengi wa nchi maskini, wengi wao wakiwa Weusi kama yeye.

Henrietta hakupewa nafasi ya kukubali au kukataa mchango alioutoa. Alilipa gharama yake yote akiwa hai, nayo familia yake ikaendelea kuilipa baada yake. Elimu iliyopatikana kwa njia hiyo imefika hadi kwenye shule na zahanati za mitaa yetu, na sasa uamuzi uko mikononi mwa mzazi anayeletewa fomu ya chanjo ya binti yake, na mwanamke anayeahirisha kwenda kupimwa.